Waya za Bluu za Phelista

Phelista Wangila hapendi kabisa kuambiwa "dakika tano". Kutoka Bungoma mpaka Kitale, kila mwenye mtambo ulioharibika humwambia fundi kwamba kazi yake ni ya dakika tano, hata kama mtambo wenyewe unatoa moshi. Basi Jumamosi ile asubuhi, Mama Judy alipompigia simu kutoka Kitale akimwomba aje mbio, ni kazi ya dakika tano tu, Phelista alikuwa ameshakasirika kabla hajamaliza chai yake.

Hasira ilimtoka aliposikia yaliyofuata. Mashine ya kukaushia mahindi ilikuwa imenyamaza tangu Alhamisi jioni.

Mashine hiyo iko nje kidogo ya Kitale, upande wa njia ya Kiminini, na ni mali ya kikundi cha wakulima mia moja na arobaini. Mwenyekiti wao ni Chelangat, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye watu wote humwita Mama Judy kwa jina la kifungua mimba wake. Mwaka huo mvua ilikataa kuisha. Oktoba ilipita, Novemba ikaingia, na bado kila alasiri Mlima Elgon ulijifunika wingu, kisha ukamwaga. Mahindi yalivunwa yakiwa mabichi. Madalali walizunguka mashambani wakitaka kuyabeba hivyo hivyo kwa bei ya kutupa, na Mama Judy naye akazunguka nyuma yao, nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu wasiuze, mashine si ipo, leteni tukaushe. Wakamwamini. Wakaleta magunia elfu moja na mia mbili, yakamiminwa ghalani yangoje zamu yake. Halafu mashine ikafa.

Sasa mahindi mabichi yakirundikwa hayatulii. Yanajipasha joto yenyewe, yanaanza kunuka pombe, na baada ya siku mbili tatu kuvu inaingia. Kuvu ikiingia, sumukuvu iko nyuma yake, na hapo hakuna cha kuuza wala cha kula, hata kuku huwezi kuwapa. Mama Judy alijua hivyo. Kila mkulima pale alijua hivyo.

"Nimetia mkono ndani asubuhi hii," alimwambia Phelista kwenye simu. "Yako na joto kama mtoto ana homa. Phelista, hawa watu ni mimi niliwaambia wasiuze."

Phelista alimwomba ampe simu Kipngeno, fundi anayekaa na mashine kila siku, kijana mtaratibu aliyesomea stima Kitale hapo hapo. Kipngeno alieleza kwamba moduli ya kutoa amri ilikuwa imeungua. Akachukua ya akiba stoo, akaifunga, nayo ikaungua kabla hajafunga mlango wa kabati. Phelista akamwuliza mara mbili, polepole, kama alikuwa amebadilisha kitu chochote wiki ile. Kipngeno akasema hapana Madam, hakuna kitu amebadilisha.

Moduli kama zile huagizwa Nairobi, na Nairobi walikuwa wamesema Jumanne. Jumanne ghala lingekuwa mbolea. Lakini Phelista alikuwa nayo moja ya aina ile ile kwenye karakana yake Bungoma, ameifunga ukutani kwenye ubao wa kufundishia. Aliifungua skrubu moja moja, akaifunga ndani ya taulo, akaitia kwenye mkoba wa kifuani, kwa sababu ilikuwa ya mwisho.

Huenda wewe hujawahi kufungua kabati la mashine, kwa hiyo acha jambo hili lielezwe mara moja tu. Ndani ya kabati kuna kompyuta ndogo, mafundi huiita PLC, na hiyo ndiyo inayoamua: sasa feni, sasa moto, sasa lifti ya kupandisha mahindi. Lakini kwa nguvu haiwezi kusukuma hata mlango. Inapitisha maneno yake kwa moduli ya kutoa amri, kipande cha plastiki kisichozidi kitabu cha nyimbo za kanisa, chenye vitaa kumi na sita usoni na skrubu kumi na sita chini yake. Kila skrubu ni amri moja. Amri yenyewe ni volti ishirini na nne tu, kama za lori, zinazokwenda kuvuta swichi kubwa iitwayo kontakta, na kontakta ndiyo inayoufungulia umeme mkali uende kwenye mota. Moduli ni mjumbe. Ukimpa mjumbe mzigo wa punda, unamzika.

Phelista alijifunza mambo haya kwa njia ndefu. Alizaliwa Bokoli, kwa Mzee Wangila aliyetengeneza redio chini ya veranda ya duka la mtu. Ndugu zake wa kiume walitumwa kuchunga ng'ombe. Yeye, kwa kuwa alikuwa na vidole vyembamba na hakuchoka kuuliza, aliachwa amshikie baba yake waya. Mzee hakuwahi kuchomeka redio ya mtu moja kwa moja kwenye stima. Kwanza aliipitishia umeme kupitia balbu. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna mahali ndani pamegusana, na balbu imekula ule moto badala ya redio. Ikibaki giza, haya, chomeka. Wateja walikuwa wakimcheka, ati mzee anaogopa redio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishiwa redio iliyoungua.

Kutoka hapo akaenda chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha stima, akaanza kufunga nyumba: Bokoli, Webuye, nyumba za walimu karibu na Lugulu. Mara ngapi alifika mahali na begi lake la vifaa begani, mwenye nyumba akamkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha akamwuliza fundi anakuja saa ngapi! Mwanzoni alikuwa akijieleza. Baadaye aliacha, akawa anafungua begi tu na kupanda ngazi. Alijua jambo moja ambalo wanaume wa kazi ile hawakuhitaji kulijua. Mwanamume akikosea, ni Wanjala fulani amekosea, kesho yake watu wamesahau. Yeye akikosea, ni wanawake wote wamekosea, na jambo hilo litasimuliwa mpaka Sirisia. Kwa hiyo aliapa hatakosea. Alisoma kozi ya mitambo kwa jioni za miaka miwili, na miaka mitatu kabla ya Jumamosi hii ninayoisimulia, kikundi cha Mama Judy kikampa kazi ya kufunga kabati lote la mashine yao ya mahindi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Mzee Kiplangat wa kamati alipinga waziwazi, akasema kabati la mashine si sufuria. Mama Judy akamwambia Mzee tungoje tuone, na Phelista akaifunga, na mashine ikakausha mahindi misimu mitatu bila kikohozi.

Saa nne kasoro alikuwa pale. Watu wapatao thelathini walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu chini ya paa la mabati, mvua ikiwa bado haijaanza, na kila mmoja aliutazama mkoba wake badala ya kumtazama uso. Mama Judy alimshika mkono kwa mikono miwili. Mzee Kiplangat alimsalimia, akakumbusha kwamba moduli mbili zilikuwa zimeshaungua, kana kwamba kuna mtu alikuwa amesahau.

Phelista alifungua kabati. Kusema kweli moyo wake ulifurahi kidogo, hata katika balaa ile. Kazi yake mwenyewe ilikuwa pale, waya za bluu kwa makumi zimelala sambamba, hakuna hata moja iliyopinda vibaya, nyeusi nene za mota peke yake upande wa kushoto. Fundi mwingine angeona uzuri huo. Moduli iliyoungua ilikuwa bado imeshikilia mahali pake, na kwenye skrubu ya sita plastiki ilikuwa imefanya doa la kahawia.

Aliitoa, akaiweka chini. Wakulima wakasogea, wakidhani sasa atatia mpya. Yeye akatoa mita yake ya kupimia umeme, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja alisema fundi huyu amekuja kutengeneza mashine au kuitazama. Mwingine akasema si afunge tu, kama itaungua iungue, angalau tujue. Mama Judy mwenyewe, ambaye si mtu wa haraka, aliinama karibu naye akamnong'oneza kwamba joto la ghala linapanda, tafadhali. Phelista alisikia yote. Ghala lilikuwa hatua ishirini nyuma yake na harufu yake tamu tamu ilikuwa imeshamfikia puani. Lakini moduli mbili haziungui kwa bahati mbaya. Kilichoua ya kwanza na ya pili kilikuwa bado kimekaa humo ndani, kikingoja ya tatu.

"Mama," alisema bila kugeuka, "hii niko nayo ni moja tu. Siifungi mpaka nijue nani aliua zile zingine. Mnaweza nipigia kelele mpaka jioni, siifungi."

Wakampigia kelele kidogo, kisha wakachoka. Alichomoa waya zote kumi na sita za amri, zikabaki zinaning'inia. Aliwasha umeme wa kabati, mota akaziacha zimezimwa, na akaanza kugusa ncha moja moja na mita. Waya ambayo haijapewa amri inapaswa kuwa mfu. Ya kwanza, sufuri. Ya pili, sufuri. Ya tatu, ya nne, ya tano, sufuri tupu. Alipogusa ya sita, mita ikaandika mia mbili thelathini na nane.

Aliigusa tena, kwa sababu macho nayo hudanganya. Mia mbili thelathini na nane. Ule ni umeme wa nyumba, umeme wa kuua mtu, na ulikuwa unarudi kinyumenyume kwenye waya iliyojengwa kubeba volti ishirini na nne. Hapo hakuna mjumbe angepona. Phelista alizima kila kitu, akazipima zile kumi zilizobaki bila umeme, kuona kama kuna iliyogusana na nyingine, zote zikawa salama, na akaanza kuifuata ile ya sita kwa kidole, kona kwa kona, mpaka kwenye kontakta ya feni kubwa. Kontakta ilikuwa mpya, inang'aa.

Alimwita Kipngeno, akamwonyesha kwa kidole. Hasira ilikuwa imemjaa. Mara mbili alimwuliza kwenye simu, mara mbili!

Kipngeno aliitazama kontakta, kisha akamtazama yeye, na ilionekana wazi kwamba hakuwa akidanganya wakati ule wa simu. Kweli hakuhesabu kile kama kubadilisha. Kontakta ya feni ilikuwa imekufa koili, ule msokoto wa waya unaoivuta, Jumatano, akaenda kununua nyingine. Kitale nzima, duka kwa duka, hapakuwa na yenye koili ya volti ishirini na nne. Alipata ya mia mbili arobaini.

"Si kontakta ni kontakta tu, Madam," alisema polepole. "Nikaleta laivu upande moja. Upande ile ingine nikaacha tu hiyo nyutro ya bluu yenye ilikuwa hapo."

"Nani alikuambia hiyo ni nyutro?"

Kipngeno alishangaa swali. "Si ni ya bluu?"

Phelista alikuwa ameshafungua mdomo ampe vipande vyake, akaufunga. Akaitazama waya. Akatazama kabati lote, waya zake nzuri za bluu kwa makumi, na mara ile akaelewa.

Katika kila nyumba aliyofunga yeye mwenyewe, Bokoli na Webuye na Lugulu, bluu ni nyutro. Kila fundi wa stima kutoka huku mpaka mpakani amefundishwa hivyo: kahawia laivu, inayoleta umeme, bluu nyutro, inayourudisha, kijani na manjano ardhi. Unaweza kumwamsha usingizini, atakutajia. Lakini kwenye kozi ya mitambo walikuwa wamemfundisha kwamba ndani ya kabati la mashine, bluu ni waya za umeme mdogo wa amri, na si nyutro hata kidogo. Naye alikuwa ameona fahari kuufuata utaratibu ule. Utaratibu ni sahihi, hakuna atakayemlaumu. Ila alijua, siku ile anafunga, kwamba atakayekuja nyuma yake kushika koleo si aliyesoma kozi ile. Ni fundi wa nyumba. Ni mtu kama yeye alivyokuwa. Ndiyo maana alimwahidi Mama Judy kwamba baada ya wiki moja angerudi kuvisha kila waya lebo ya namba na volti zake, na kubandika mchoro kamili mlangoni. Kisha kukatokea kazi ya kinu cha unga Sirisia. Kisha mama yake akalazwa hospitali ya Lugulu. Kisha mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri, na kitu kinachofanya kazi vizuri nani ana muda nacho? Wiki ikawa miaka mitatu. Mchoro uliokuwa mlangoni ulikuwa wa penseli, hauna hata neno moja la volti.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na akaona aibu zaidi kwamba dakika moja iliyopita alikuwa akimwandalia kijana wa watu matusi. Lakini aibu haikaushi mahindi. Aliamua kuiweka kando, kama mtu anavyoweka sufuria ya moto chini apate kuinua nyingine.

"Leta stuli," alimwambia Kipngeno. "Tunafanya pamoja."

Koili ya mia mbili arobaini ilikuwa ndiyo iliyopo, kwa hiyo ingetumika hiyo hiyo, lakini isiguse moduli tena. Phelista alitoa mkobani rilei ndogo, swichi ya kati ya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Amri ya ishirini na nne ingeivuta rilei, na rilei, upande wake wa pili uliotengwa kabisa, ingeipelekea kontakta umeme wake mkali. Nyutro ya kontakta akaitoa kwenye baa ya nyutro ya kweli, kwa waya nyeusi, isije ikadhaniwa ni ya amri. Kisha akamwonyesha Kipngeno namna ya kulaza dayodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, juu ya koili ya rilei, mstari wake ukielekea upande wa chanya, kwa sababu koili ikizimwa ghafla hurusha teke la umeme nyuma, na teke likirudiarudia ndilo linalowaua wajumbe polepole. Kipngeno alishika mambo haraka.

Saa saba waliifunga moduli ya mwisho. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Phelista aliwasha, na vitaa vikawaka kijani, kimoja, viwili, vitano, na chini ya paa watu wakasimama wakipiga makofi. Kisha wakangoja. Feni haikuzunguka. Lifti haikupanda. Vitaa viliendelea kuwaka vizuri na hakuna kilichosogea.

Mzee Kiplangat akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba hii sasa ni mashine ya Krismasi.

Phelista alikuwa amelitarajia hilo, maana ni yeye aliyelifanya. Alimweleza Mama Judy, ambaye uso ulikuwa umemshuka, kwamba moduli ya namna ile hulishwa mara mbili. Chakula cha akili kinatoka kwa kompyuta, upande wa mgongoni, na hicho ndicho kinachowasha vitaa. Chakula cha mikono kinatoka kwingine, kwenye pawa saplai ya ishirini na nne, kupitia fyuzi, na fyuzi hiyo bado ilikuwa mfukoni mwake. Alitaka kuona kwanza akili inasema nini kabla ya kuipa mikono nguvu. Mafundi wengi hupotea hapo hapo: wanaona taa inawaka, wanadhani umeme umetoka, wanaanza kung'oa mota nzima.

Kisha akatoka mvuani, akamwendea Barasa, dereva wa lori lililokuwa limeleta mahindi, akamwomba balbu moja ya taa ya nyuma. Barasa alidhani anataniwa. Lakini lori ni la volti ishirini na nne, na balbu yake ndiyo aliyoihitaji. Akaichomoa akampa, akamfuata aone itafanya nini.

Phelista aliifunga balbu ile mahali pa fyuzi. Kama kuna waya bado imegusana na nyingine, balbu ingewaka kwa nguvu na kuula moto ule wote, na moduli ingepona. Akaamuru kompyuta itoe amri moja moja. Amri ya kwanza, kontakta ikagonga, tak, na balbu ikawa na wekundu mdogo tu. Ya pili hivyo hivyo. Alipofika ya sita, Kipngeno alisogea karibu. Rilei ikalia, kontakta mpya ya feni ikagonga, balbu haikubadilika. Akaenda mpaka ya kumi na sita. Ndipo alipotoa balbu, akamrudishia Barasa, akatia fyuzi mahali pake, na kuwasha swichi za mota.

Feni kubwa ilianza na mngurumo mdogo, ukapanda, ukafunika mvua. Lifti ikaanza kubeba. Mama Judy aliitazama ikipanda. Aliketi chini palipokuwa karibu, akafunika uso kwa leso, akalia. Watu wakamwacha alie.

Saa kumi na moja kundi la kwanza la mahindi lilitoka. Mama Judy alitia kiganja kizima cha mahindi kwenye kipimo cha unyevu, kikaandika asilimia kumi na tatu na nusu, makavu ya kutosha, na hapo ndipo palipokuwa na makofi ya kweli. Sehemu ya juu kabisa ya ghala, labda magunia kumi, ilikuwa imeshaharibika ikabidi itengwe. Yaliyobaki yangepona.

Kwa kuwa hatari ilikuwa imepita, watu walipata nafasi ya kukasirika. Kikao kikaitishwa palepale juu ya magunia. Nani ameunguza moduli mbili? Nani alitaka kutuozeshea jasho la mwaka mzima? Majibu yalikuwa tayari kabla ya swali: kila mtu alikuwa ameona Kipngeno akiitwa kwenye kontakta na kuonyeshwa kidole. Mmoja akapendekeza aende zake Jumatatu. Watatu wakaunga mkono. Kipngeno hakujitetea. Alisema ni kweli, ni yeye alileta laivu pale, na akatazama viatu vyake.

Phelista alikuwa amekwisha kufunga mkoba. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa kwa shukrani, na kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kujihukumu. Aliyawaza hayo yote, hakuna haja ya kumpamba. Aliwaza pia ile sentensi ambayo amekimbia maisha yake yote asiisikie, na akajua nani pale ataisema.

Akasimama. Akawaambia kwamba mwaka aliofunga kabati lile alitumia waya za bluu mahali ambapo kila fundi wa hapa anajua bluu ni nyutro. Alijua hatari yake. Aliahidi kurudi kuziandika, na hakurudi. Kipngeno alifanya vile alivyofundishwa, na vile ambavyo yeye mwenyewe angefanya kama asingekuwa amesoma zaidi.

"Hiyo makosa iko na jina langu," alisema. "Mkimfukuza Kipngeno, mtakuwa mmefukuza mtu mwingine, na waya bado ziko vile ziko."

Mzee Kiplangat alikohoa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo lililo wazi.

"Ndio maana nilisema tangu mwanzo tutafute mwanaume."

Ikawa imesemwa. Phelista aliingoja imwume kama alivyoogopa kwa miaka yote ile, na kweli ikamwuma, lakini alibaki amesimama.

"Mzee," alisema, "mwanaume angekuambia ni Kipngeno."

Mzee Kiplangat alimgeukia Kipngeno, ambaye alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akamtazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. Mama Judy akauliza kama kuna mwenye neno lingine, kisha akafunga kikao, Kipngeno akabaki na kazi yake. Phelista alilala kwa Mama Judy. Jumapili, wengine wakiwa kanisani, yeye na Kipngeno walikaa mbele ya kabati lililo wazi, yeye akisoma volti na Kipngeno akiandika lebo, waya baada ya waya.